Kusema "nakuamini" kwa Kihispania

Pole ndugu. Umeandika "confío a ti" na mwenyeji wako wa Madrid akakusahihisha. Ni kosa la kawaida, maana kwa Kiswahili neno la kuamini ni moja, wao wana kadhaa.

Ukiwa na hakika mtu hatakuangusha, sema "confío en ti". Kihusishi ni "en". Hispania utasikia pia "me fío de ti", na hapo ni "de".

Ukikubali kwamba asemalo ni kweli: "te creo". Lakini "creo en ti" ni zaidi, una imani na mtu mwenyewe, kama vile "creo en Dios", namwamini Mungu. Niliwahi kumwambia rafiki aliyekuwa anaingia kwenye mtihani "te creo", akanitazama tu. Hakuwa amesema lolote la kusadikiwa. Alihitaji ile "en".

Pagumu ni kwenye kukanusha. "Creo que viene", naamini anakuja. "No creo que venga", siamini kwamba anakuja: kitenzi "viene" kimegeuka "venga". Zitamke sentensi hizi mbili pamoja, kwa sauti, kila siku, mpaka ulimi uzoee.

Ila kwa mkataba au hati ya mahakama usibahatishe, mpe mtafsiri aliyeidhinishwa.