Taa nane, na nyuso bado hazionekani

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete, nasimamia kikundi cha vijana cha maigizo. Tulichanga tukanunua taa nane za LED za rangi, tukazipanga chini, mbele ya jukwaa. Siku ya onyesho watu wa nyuma walilalamika kuwa nyuso hazionekani, na sehemu ya usiku ilikuwa kiza kitupu. Kuna kijana anapiga disko kwenye maharusi. Anatwambia tuongeze taa za kuzunguka na mashine ya moshi, na yuko tayari kutufundisha ufundi wote wa jukwaa kwa siku tatu, na cheti juu. Tumfuate? Na tukitaka kujifunza wenyewe, tuanzie wapi?

JIBU: Waalaykumu salaam mwalimu.

Msimfuate. Mashine ya moshi nayo iacheni dukani. Kazi ya moshi ni kuuonyesha mwale wa taa hewani, na nyinyi mnatafuta sura ya mtu. Uso usioonekana bila moshi, ndani ya moshi utaonekana wapi?

Swali hili silioni geni. Nalipata kutoka Mkokotoni, kutoka Jang'ombe, sasa Wete, na takriban kila anayeniuliza ameshanunua kwanza ndipo akauliza. Hakuna linalonichosha katika kazi hii kama imani kwamba ufundi wa jukwaa unakuja ndani ya boksi la taa, na kwamba onyesho likiharibika basi taa hazikutosha. Zenu zinatosha. Kwa jukwaa la skuli la upana wa mita 6, taa nane zikikaa mahali pake mtazamaji ataona mpaka machozi.

Shida ni hapo mlipoziweka. Mwanga wa kutoka chini unaingia puani na chini ya nyusi. Kivuli cha pua kinapanda kwenye paji la uso, na kivuli cha mwili kinakwenda kusimama kwenye pazia la nyuma kikiwa kikubwa kuliko mwenyewe. Watu wenu walikaa wakitazama vivuli. Mwaka 1932 Stanley McCandless, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alieleza utaratibu ambao mpaka leo wanafunzi wengi wa taa huanza nao: kila eneo la jukwaa lipate taa mbili za mbele, moja kutoka kulia na moja kutoka kushoto, kila moja ikishuka kwa nyuzi 45 na ikikaa pembeni kwa nyuzi 45. Moja iwe ya rangi ya joto, ya kimanjano, nyengine ya baridi kidogo, ya kibuluu, ili uso upate umbo.

Tulete kwenu. Mkifunga taa kwenye kimo cha mita 4, na uso wa muigizaji uko kama mita 1.6 kutoka chini, basi taa ikae mita 2.4 kutoka anaposimama, mkipima sakafuni. Jukwaa ligaweni maeneo mawili ya mita tatu tatu, kila moja taa mbili za mbele. Zinabaki nne: mbili za ubavuni, huku na huku, na mbili za nyuma, juu, zikimulika mabega.

Hizo za ubavuni na za nyuma ndizo watu wanazozidharau. Ngozi nyeusi hairudishi mwanga kama nyeupe, na ukiimwagia mwanga wa mbele peke yake unapata uso bapa unaong'aa kipajini. Umbo la shavu na taya linachorwa na mwanga wa pembeni. Mvalishe msichana buibui, msimamishe mbele ya pazia jeusi, kisha zima taa ya nyuma: unaona uso unaelea hewani. Iwashe, na mabega yanarudi. Kanzu nyeupe ina kasoro ya kinyume. Inarudisha mwanga mwingi kuliko uso wa aliyeivaa, jicho linaifuata kanzu, na uso unazidi kuwa kiza. Mkiongeza taa, kanzu nayo inaongezeka, kwa hiyo mtafukuzana nayo mpaka asubuhi. Mafundi wa mavazi ya jukwaani huzichovya nguo nyeupe kwenye maji ya chai zipungue ukali. Au mtafutieni sheikh wenu kanzu ya rangi ya maziwa, mambo yaishe.

Usiku wenu nao naukisia mlivyoufanya: taa zote buluu. Ngozi yetu inarudisha zaidi upande wa wekundu na manjano, buluu inaimeza, kwa hiyo mbele ya taa ya buluu tupu muigizaji anageuka kivuli chenye meno. Buluu ipelekeni nyuma na ubavu mmoja. Mbele acheni taa moja ya rangi ya joto, hafifu, kutoka upande mmoja tu. Watazamaji wataamini ni usiku. Na mkitaka mweupe, msichanganye nyekundu, kijani na buluu zote juu kabisa, maana mweupe wa aina hiyo unaipa ngozi rangi ya majivu. Punguzeni kijani na buluu mpaka mkono wako mwenyewe, ukiuweka kwenye mwanga, ufanane na mkono wako.

Yote haya huyo kijana hakwambieni, na simlaumu kwa asichokijua. Kazi yake ni taa za kutazamwa zenyewe. Jukwaani taa ikianza kutazamwa, ujue mchezo umelala. Ninachomlaumu ni hicho cheti.

Kujifunza kunaanza na tochi. Chukueni tochi moja na chumba chenye kiza, mkalisheni mtu kwenye kiti. Mulikeni kutoka kifuani, kutoka utosini, kutoka ubavuni, kutoka nyuma, na kila mara mtu mmoja aandike anachokiona: macho yamekwenda wapi, pua imeangusha kivuli wapi, mtu anaonekana mwema au jambazi. Kisha usomeni mchezo wenu ukurasa kwa ukurasa na mwandike mwanga unatoka wapi: dirishani, kwenye karabai, kwenye mwezi. Hapo ndipo taa zipande. Anayetaka kwenda mbali zaidi kuna TaSUBa, taasisi ya sanaa ya Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 ikiwa Chuo cha Sanaa. Na matamasha makubwa kama Sauti za Busara, lililoanza 2004, au lile la filamu la ZIFF, lililoanza 1998, nendeni asubuhi mafundi wanapofunga vyuma. Usiku mtaona muziki tu.

Sasa lile linaloniudhi kweli, na hili si la Wete peke yake. Hawa wa siku tatu hufundisha rangi na vifungo, na nyaya wakaziacha hivyo hivyo. Taa za LED hazili umeme mwingi, kwa hiyo mtu anazoea kuchomeka kila kitu sehemu moja. Siku akiazima taa za zamani za halojeni, kila moja ya wati 1000, kwenye volti 230 moja inavuta zaidi ya ampea 4. Plagi yetu ya pini tatu mwisho wake ni ampea 13. Taa tatu, na hapo imejaa. Ya nne inapita kiwango, na fyuzi ikikatika fundi wa njia za mkato anaizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, anasema tayari. Waya wa ekstensheni kauacha umejiviringisha kwenye gurudumu lake, na waya uliobeba mzigo ukiwa umeviringishwa unajipika wenyewe, chini ya mapazia na vitenge.

Kibaya zaidi ni wanaokata waya wa ethi ili spika zisivume. Mvumo unaondoka kweli. Lakini ule waya ndio ungeubeba umeme kuupeleka ardhini siku chombo kikiharibika. Umeshakatwa, umeme unabaki kwenye chuma cha chombo, unafuata mpaka maikrofoni, na anayeishika ni mtoto wa skuli, miguu mitupu, kwenye nyasi zilizonyeshewa.

Na taa za juu. Kamba ya usumba si kifungo cha taa. Kila kinachoning'inia juu ya kichwa cha mtu kiwe na klempu yake, yaani kibano cha chuma, na pembeni waya wa chuma wa akiba unaoweza kukibeba klempu ikiachia. Kwenye majengo ya zamani ya mawe na chokaa msitoboe ukuta kutafuta pa kushikia, maana bolti hazishiki. Simamisheni nguzo zenye uzito chini.

Tarehe 30 Disemba 1903 cheche ya taa ya jukwaani ilishika pazia katika ukumbi wa Iroquois, Chicago, uliokuwa umetangazwa kwamba hauungui. Watu 602 walikufa, na milango kadhaa ya kutokea ilikuwa imefungwa. Kwetu milango ya ukumbi hufungwa ili wasiolipa wasiingie, na juu kuna makuti.

Kwa hiyo mtu akija kukufungieni taa, kabla ya kutaja bei muulizeni mzigo wote ni ampea ngapi, ethi iko wapi, na taa ikiachia itashikwa na nini. Akikujibuni kwamba hiyo haina neno, mpeni nauli yake arudi alikotoka.