Notisi ya kuhama si amri ya mahakama

Ndugu, umeeleza kwamba mwenye nyumba amekupa notisi ya siku 7 kwa ajili ya kodi ya miezi miwili, kwamba anatishia kubadilisha kufuli, na kwamba huna uwezo wa kumlipa wakili. Pole sana. Katika nchi nyingi, karatasi aliyoiandika mwenye nyumba haimpi mamlaka ya kukutoa kwa nguvu. Uamuzi huo ni wa mahakama au baraza husika, tena baada ya pande zote mbili kusikilizwa. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni ilisisitiza mwaka 1997 kwamba mtu apewe notisi ya kutosha, na asitolewe usiku.

Tafuta kituo cha msaada wa kisheria leo, usingoje siku ya sita. Nenda na mkataba, ujumbe wa simu, notisi yenyewe na kila stakabadhi. Niliwahi kumsindikiza mama mmoja aliyetunza zake katika bahasha iliyochakaa. Stakabadhi moja yenye tarehe ilionyesha kwamba mwezi aliodaiwa alikwisha kuulipa, na dai likapungua palepale.

Ukiitwa mahakamani, fika hata kama kweli unadaiwa, kwa maana asiyefika huweza kuhukumiwa bila kusikilizwa, ilhali anayefika anaweza kuomba kulipa kwa awamu. Na tafadhali, usitie sahihi karatasi yoyote ya kukubali kuhama kabla mwanasheria hajaisoma.