Lori lililosimama, safari inayoendelea

SWALI: Ndugu Mhariri, pole na kazi. Tunatengeneza filamu ya makala ya dakika 10 kuhusu safari ya zabibu kutoka Hombolo hadi sokoni Dar es Salaam. Lori linasafiri usiku, na picha za ndani ya kebini zinatoka na giza na kuchezacheza. Mwenzangu anataka turekodi lori likiwa limesimama, eti hata yule mwongozaji filamu Mskoti, John Grierson, alifanya hivyo. Huo si uongo?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Mwenzako hajakosea. Grierson (1898–1972) aliongoza mwenyewe filamu moja tu kubwa, Drifters ya 1929, kuhusu wavuvi wa heringi wa Bahari ya Kaskazini. Chumba cha mabaharia kilijengwa nchi kavu, na samaki wa chini ya maji walirekodiwa ndani ya tangi. Wavuvi, hata hivyo, walikuwa wavuvi kweli. Baadaye alifanya zaidi kazi ya utayarishaji: kitengo cha filamu cha Posta ya Uingereza kuanzia 1933, kisha Bodi ya Filamu ya Kanada mwaka 1939.

Kwenu ninyi somo liko kwenye Night Mail (1936), filamu ya treni ya barua ya usiku, iliyotoka kwenye kitengo hicho cha Posta chini ya waongozaji Harry Watt na Basil Wright. Behewa la kuchambulia barua lilijengwa studio, na wafanyakazi halisi wa posta wakaambiwa wayumbe kana kwamba treni inakwenda.

Basi egesheni lori gizani, injini imezimwa, handbreki juu, mawe kwenye matairi. Vijana wawili wasukume bodi kwa zamu, mmoja kila upande, taratibu. Ning'inizeni tasbihi au kamba kwenye kioo cha kati. Ikitulia tu, mtazamaji anashtuka. Taa ndogo ifunikwe kwa karatasi nyeupe na kuwekwa juu ya dashibodi, na mtu apitishe tochi mbele ya kioo kama gari linalopishana nanyi. Kamera ikae kwenye stendi nje ya mlango, isiguse lori. Wengi huharibu hapa: dereva anayumba kushoto, utingo kulia. Kebini ni moja, wayumbe upande mmoja.

Sauti ichukueni safarini kweli, dakika 3 bila mtu kuongea, vioo vimepandishwa. Upepo ukiingia kwenye maiki, muungurumo wake hausafishiki.

Dereva awe wa lori hilohilo. Ila mizani na bei ya kilo msiigize kabisa: mkulima akiambiwa arudie kwa ajili ya kamera, atataja bei anayoitamani.