Binti yangu "amepungua" alipotimiza miaka miwili?

Swali: Binti yangu alipimwa urefu akiwa na miezi 23, wakaandika sentimita 82.6. Mwezi uliofuata, alipotimiza miaka miwili, wakaandika 82.4. Nina wasiwasi. Mtoto anaweza kupungua urefu? (Mama wa Kadutu, Bukavu)

Jibu: Hapana, Mama, hajapungua. Kilichobadilika ni namna ya kumpima. Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili hupimwa akiwa amelala kwenye ubao. Akishaitimiza, hupimwa amesimama. Akisimama, uzito wa mwili hubana uti wa mgongo, na Shirika la Afya Duniani hukadiria tofauti hiyo kuwa sentimita 0.7. Toa 0.7 kwenye 82.6, unabaki na 81.9. Kumbe binti yako ameongezeka nusu sentimita.

Nawasihi wauguzi wenzangu wasiidharau hiyo 0.7. Msichana wa miaka miwili kamili akiwa chini ya 79.3 kwa kipimo cha kusimama, huhesabiwa kuwa amedumaa. Akipimwa amelala akapata 79.6, kisha namba hiyo ikasomwa kwenye jedwali la kusimama, ataonekana mzima, kumbe ana 78.9 na anahitaji kufuatiliwa.

Hata hivyo, mkono wa mpimaji nao unaweza kukosea. Viatu vivuliwe. Misuko iliyofungwa juu ya utosi ifunguliwe, hata kama mtoto amesukwa jana. Najua inauma, lakini fundo moja tu laweza kuongeza sentimita nzima. Visigino, makalio, mabega na kisogo viguse ubao, magoti yanyooke, na macho yatazame mbele bila kidevu kuinuliwa. Watu wawili wanahitajika: mmoja ashike magoti na vifundo vya miguu, mwingine ashike kidevu na kushusha kipande cha juu mpaka kibane nywele. Milima yetu hii nayo ina shida yake: ubao ukiwekwa uani penye mteremko, mtoto huegemea upande mmoja. Tafuteni sakafu iliyo sawa.

Apimwe mara mbili. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 0.7, warudie vyote viwili. Kwa mwezi mmoja ukuaji ni mdogo mno kuutofautisha na kosa la kupima, kwa hiyo mrudishe baada ya miezi mitatu, ukiwa na kadi yake, na uombe waandike kando ya namba: amelala au amesimama.