Kwa mnaoanza kuorodhesha majengo ya kale Kaunti ya Lamu: someni hii kabla hamjapiga picha hata moja

Wadogo zangu, nawaandikia manake nimeona tena timu inashuka jetini na droni na tableti, siku ya kwanza ishaanza kujaza fomu, na hakuna hata ukurasa mmoja unaosema kitabu cha orodha kitabeba nini na kitaacha nini. Nawapenda sana jamani ila mnanitia presha.

1. Kaunti si Mkomani tu, ule mtaa wa nyumba za mawe wa mji wa Lamu. Mji wa Lamu uliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO 2001, basi kila mtu anakimbilia pale, anapiga picha milango mpaka bajeti inaisha, halafu Pate, Siyu na ngome yake, Faza na Witu wanabanwa kurasa mbili za mwisho. Hela ya boti ndo itengwe kwanza. Siyu huingii saa unayotaka wewe, ni mpaka maji yajae, mkichelewa mtakaa hapo kwenye mikoko na mpimaji mnamlipa siku nzima. Na amueni mapema kama magofu yamo au hayamo, Takwa mnaiweka ama mnaiacha? Msipoamua sasa mtakuja kuzozana wakati printa anasubiri.

2. Fomu itenganishe uzuri wa jengo na historia yake. Ile nyumba ya Lamu mjini ilokuwa posta ya Wajerumani 1888 hadi 1891, mtu asojua atapita tu.

3. Mwaka uliochongwa kwenye mlango ni mwaka wa mlango, milango inahama nyumba. Na chumba cha kale upana wake unafuata urefu wa boriti, ile miti inayobeba dari, haufiki hata mita tatu mara nyingi, kwa hivyo fomu ikija na mita tano rudini mkapime tena.

4. Timu iwe na wanawake, na wawe wapimaji kamili. Hapa mnivumilie nitakaa kidogo.

Kuna mradi tulifanya, sote wanaume. Nyumba za mawe mnazijua, daka (kibaraza cha mlangoni), kiwanda (ua wa katikati), misana (kumbi ndefu), kisha ndani (chumba cha mwisho), na kadri unavyozidi kuingia ndivyo chokaa inavyozidi kuchongwa mpaka ufike kwenye ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vitu. Sasa mwanamume mgeni anaishia wapi? Dakani, na akiheshimiwa sana, sabule, chumba cha wageni. Tunaletewa kahawa, tunapima daka, tunauliza huko ndani kuna nini, mwenye nyumba anasema "ni vyumba tu", na sisi tunaandika vyumba tu. Nyumba moja mbele ilipigwa simiti, ina madirisha ya chuma, haikumvutia yeyote kati yetu, tukaipa daraja C, la chini, tukaenda zetu. Kitabu kikatoka, kizuri kweli, watu wakatupongeza. Baadaye warithi wakaomba kibali cha kurekebisha, ofisi ikafungua kitabu, ikaona C, kibali kikatoka bila mtu kwenda kuangalia, si kitabu kishasema? Mafundi wakaingia na nyundo. Mama mmoja wa nyumba ile ndo alonitumia picha kwa simu: ukuta mzima wa zidaka, safu juu ya safu, nusu ushaanguka, vipande viko sakafuni, kimoja bado kina ukingo wa majani yaliyochongwa safi kama yamechongwa jana, na pembeni maboksi ya taili za choo. Chini ya picha kaandika, "Mbona hamkutuuliza sisi?" Pale hakuna aliyevunja sheria, kila mtu alifuata kitabu, na kitabu ni chetu. Ukuta ule haurudi, na mwenye kujua habari zake alikuwepo humo humo ndani siku zote tulipokuwa tunakunywa kahawa yake.

Ndo maana siku hizi sikubali daraja la nyumba ambayo hakuna aliyeingia mpaka mwisho. Andikeni HAIJAINGIWA kwa herufi kubwa, iache hivyo hivyo na ichapwe hivyo hivyo, ofisi ikiona hapo italazimika kutuma mtu. Najua wafadhili hawapendi nafasi wazi kwenye jedwali, waelezeni, na wakikataa waelezeni tena.

5. Namba za majengo zisifuate njia mliyopita kwa miguu. Kila mji uwe na mfululizo wake na uache mapengo, la sivyo mtaishia na 47A, 47B na picha zisizolingana na ramani.

6. Vya ofisini na vya kuchapwa ni vitu viwili. Majina ya wenye nyumba, vitu vya kale vinavyobebeka, ramani inayoonyesha watu wanalala wapi, hivyo vibaki ofisini. Na rasimu kabla haijaenda printa ipelekeni mtaani isomwe kwa sauti, barazani kwa wazee na majumbani kwa kina mama, kila mji na siku yake, muwe na kalamu nyekundu mkononi manake majina ya mitaa tu yatawamalizia asubuhi nzima.