Mifupa ya Tendaguru

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesikia kwamba mifupa ya dinosaria iliyochimbwa mkoani Lindi inaonyeshwa Ujerumani. Je, ni mifupa halisi au ni sanamu tu? (Msomaji, Mtwara)

JIBU: Ndugu msomaji, sehemu kubwa ni mifupa halisi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati wa ukoloni wa Wajerumani, mamia ya vibarua walichimba katika kilima cha Tendaguru, kisha wapagazi wakaibeba mifupa hiyo kwa miguu, wengine kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikasafirishwa kwa meli hadi Berlin. Kiunzi cha dinosaria aitwaye Giraffatitan, kilichosimamishwa huko mwaka 1937, kina kimo cha zaidi ya mita 13, na kimeunganishwa kutokana na wanyama zaidi ya mmoja. Fuvu lililoko juu ni nakala, kwa kuwa lile halisi ni zito mno. Mnyama huyo aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Wakuu wa msafara, Janensch na Hennig, wanatajwa mara nyingi. Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji aliyekuwa na ustadi mkubwa, hutajwa kwa nadra, jambo ambalo mimi naliona si haki.