Je, Nafasi Niliyoipoteza Inarudi?

Swali: Nilikuwa mwalimu wa kwaya na mhazini wa vijana, na nilikwisha kukubaliwa katika chuo cha theolojia. Nikaanza kubeti kwa simu, nikala fedha za sare za kwaya, nikatengwa. Fedha zote nimezirudisha, nimetubu na nimerudi kundini, lakini sasa nina umri wa miaka 41 na kishawishi hakijaniacha. Je, Mungu anaweza kunitumia tena, au wito wangu umekwisha?

Jibu: Ndugu mpendwa katika Kristo, umeuliza mambo mawili kwa pamoja, yaani msamaha na nafasi. Kuhusu msamaha, 1 Yohana 1:9 inatosha: tukiziungama dhambi zetu, Mungu hutusamehe, na usiifanye toba yako kuwa deni usilomaliza kulipa. Kuhusu nafasi, nakuomba usome tena habari za Samsoni katika Waamuzi 13 hadi 16.

Mtu huyu aliwekwa wakfu kabla hajazaliwa, akawa mwamuzi wa Israeli miaka 20, nasi tumezoea kumtupia Delila, mwanamke aliyempenda na aliyemsaliti kwa Wafilisti, lawama zote. Hata hivyo, Maandiko yanatuonyesha kwamba muda mrefu kabla ya Delila alikwisha kupakua asali katika mzoga wa simba, akaila njiani, akawapa wazazi wake nao wakala, asiwaambie alikoitoa. Mazoea ya kuficha yalitangulia anguko. Kwa Delila alifungwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, akaona waziwazi kwamba anategwa, na bado akalala usingizi magotini pake, kwa kuwa kila mara alikuwa ameponyoka. Wewe uliyebeti unayajua mawazo hayo kuliko mimi.

Safari ya mwisho alinyolewa, nguvu zikamtoka, na Wafilisti wakamkamata na kumng'oa macho. Nywele zake zilianza kukua tena akiwa gerezani Gaza, amefungwa kwa pingu za shaba, akisaga ngano ya adui zake (16:21-22). Macho yaliyong'olewa hayakurudi. Mungu alimsikia alipoomba atiwe nguvu mara hii tu, na Waebrania 11:32 inamtaja miongoni mwa watu wa imani, lakini alikufa kipofu. Kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba chuo kile kitakufungulia mlango, wala sipendi mahubiri yanayochukua Yoeli 2:25, penye miaka iliyoliwa na nzige, na kuyageuza kuwa ahadi kwamba kila kilichopotea kitarudi kama kilivyokuwa. Sura hiyo inasema juu ya mvua, ngano, divai na mafuta: Mungu anawapa watu wake mavuno mapya, lakini hawarudishi kwenye siku za kabla ya nzige.

Pamoja na hayo, jihadhari na kosa la upande wa pili. Yule mtumwa wa Mathayo 25 aliyepewa talanta moja, yaani fedha ya bwana wake, hakuipoteza hata kidogo. Aliirudisha nzima, akahukumiwa kwa sababu aliogopa akaizika ardhini. Ukikaa benchi la nyuma miaka yote kwa kuwaogopa watu, usiuite woga huo unyenyekevu.

Wala usikasirike washarika wakichelewa kukuamini. Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba huko Perga katikati ya safari yao ya kuhubiri, na baadaye Paulo alipokataa kumchukua tena, yeye na Barnaba walishindana hata wakatengana (Matendo 15:36-40). Barnaba alimpokea Marko mara moja; Paulo alihitaji muda, na ni yeye huyo aliyekuja kumwandikia Timotheo amlete Marko, "maana anifaa kwa utumishi" (2 Timotheo 4:11). Kanisa linawahitaji watu wa aina zote mbili, na mhazini anayekukagua kwa makini hakuchukii.

Kuhusu kishawishi, 1 Wakorintho 10:13 inaahidi mlango wa kutokea, na mlango ni wa kupitwa kwa miguu. Funga akaunti za kubeti, mweleze mkeo kama umeoa, au mzee mmoja wa kanisa, ili aone miamala ya simu yako kila mwisho wa mwezi, kwa kuwa dhambi yako ililelewa na siri. Kisha nenda kwa mchungaji uombe kufundisha kwaya ya watoto, kazi isiyo na mfuko wa fedha. Siku wakikuomba uwe mhazini tena, kataa, hata kama wamekusamehe kabisa.